Kuna Nini Juu ya Mlima Haskell

Corwith, Vermont
25 Agosti 1974

Na yale mapazia, Dada Hester, kabla sijasahau tena: ni ya manjano. Najua ulinionya kwamba manjano yatapauka kabla ya Krismasi, lakini Orrin alisema rangi hiyo inanipendeza nikisimama dirishani, sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Nimeyashona yote mawili kwa mkono. Moja limepinda. Orrin anasema hilo lililopinda ndilo analolipenda zaidi.

Hujambo lakini? Na Baba, goti lake linasemaje? Sisi huku ni wazima, wazima kupita kiasi. Tunakaa vyumba viwili juu ya karakana ya chuo, na asubuhi harufu ya mbao mpya inapanda ngazi kabla ya jua. Mume wangu (naliandika neno hili polepole ili nilifaidi) huamka kwanza, akawasha jiko, kisha akarudi kuniambia kuna baridi kiasi gani, kana kwamba ameitengeneza mwenyewe. Madirisha ya chuo, viti, milango inayogoma kufunga, yote ni yake. Na kengele ya mnarani ni yake. Wanafunzi wanamwita Mzee wa Kengele, na ana miaka ishirini na saba tu!

Chuo ni kidogo, hata mtu akipiga chafya maktabani utaambiwa "afya" kutoka bwenini. Wanafunzi bado hawajafika, lakini ubao wa matangazo umeshaanza kujaa, nami nausoma kila siku nikienda kununua maziwa. Kwaya inatafuta sauti nzito. Wa michezo ya kuigiza wanatafuta mfalme asiyeogopa ngazi. Kutakuwa na mhadhara wa nyota, na wasikilizaji waje na blanketi. Jumamosi kuna mpira, na Orrin anasema tunafungwa kila mwaka, ila kwa heshima.

Lakini jambo kubwa kuliko yote haliandikwi ubaoni. Ni Siku ya Kengele. Asubuhi moja ya vuli, hakuna anayejua ipi, kengele inalia saa ambayo si yake, na masomo ya siku hiyo yanafutwa. Wote, mpaka maprofesa wenye magongo, wanapanda Mlima Haskell wakiwa na donati na sharubati ya tufaha. Mkuu wa chuo ndiye anayechagua siku, na jioni ya kuamkia siku hiyo anamnong'oneza Orrin peke yake. Na huko juu kuna kitu, Dada. Aliyekiona hamwambii asiyekiona. Ndiyo desturi. Nimembembeleza Orrin mpaka chai ikapoa.

"Utajionea, mpenzi."

"Mimi ni mkeo!"

"Mama yangu ni mama yangu, na sikumwambia."

Basi nina ombi moja tu mwaka huu. Njoo upande nami. Wewe ndiye uliyenisuka nywele na kunifundisha kusoma. Nataka tukione pamoja, wewe mkono huu na Orrin mkono huu. Njoo, Dada, njoo, njoo.

Mdogo wako mwenye raha zake,
Rowena


Washburn, Maine
8 Septemba 1974

Rowena,

Barua yako imefika pamoja na doa la siagi. Tumefurahi kusikia mko wazima.

Baba hajambo. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Amegombana na Bwana Tibbetts kuhusu trekta, wakapatana, wakagombana tena kuhusu namna walivyopatana. Anasema umwambie huyo mpiga kengele asikutie uziwi ukiwa bado kijana.

Shule zinafungwa wiki ijayo watoto waingie shambani, na mwaka huu viazi vimejaa mpaka matuta yamepasuka. Kwa hiyo siwezi kuja. Hiyo siku yenu haina tarehe, na viazi vina tarehe.

Kipenda roho hula nyama mbichi, na wewe naona umeila bila hata chumvi. Msalimie shemeji.

Ile njia bado inaanzia nyuma ya jengo la muziki? Pale pana utelezi baada ya mvua. Vaa viatu vya maana.

Hester


Corwith, Vermont
15 Septemba 1974

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute hujachoka sana, ingawa najua umechoka. Naiona mikono yako kabisa, na udongo kwenye kucha. Mbusu Baba. Mwambie Bwana Tibbetts hata mimi namwogopa Baba kwenye mambo ya trekta.

Sasa. Umejuaje njia?

Nilimsomea Orrin mstari ule, akaacha kijiko hewani. "Nyuma ya jengo la muziki," akasema, "haimo kwenye ramani yoyote. Dada yako amewahi kufika hapa?" Nikasema hapana, dada yangu alisoma kidogo mahali fulani huko kusini nilipokuwa mdogo, kisha akarudi. Niliposikia maneno yangu mwenyewe nikaichukua tena barua yako. Mahali fulani wapi, Dada? Mbona sijawahi kukuuliza? Halafu nikakumbuka siku ya harusi yetu, pale Orrin alipomtajia Baba jina la chuo, nawe ukasema unaenda jikoni kuangalia keki. Keki tulikuwa tumeshaila.

Sikulazimishi useme. Lakini unanijua, udadisi ukinipanda silali.

Wanafunzi wamefika! Wanaimba bafuni, wanapotea njiani, wanamwita Orrin kwa sababu ya nyoka ambaye kumbe ni mkanda wa mtu. Mfalme asiyeogopa ngazi amepatikana, ila ni msichana, naye anapendeza na ndevu. Na wote wanawinda Siku ya Kengele. Wanachungulia jikoni kuona kama donati zimeagizwa. Wanamchunguza Mkuu wa chuo amevaa soksi gani. Nami nawinda vilevile, maana nikijua mapema nitakupigia simu, utaruka kwenye basi, viazi visipende visipende. Kila jioni namtazama Orrin usoni. Hakuna kitu. Ana uso kama mlango aliouranda mwenyewe.

Hata ikiwa siku moja tu, Dada. Hata nusu.

Wako,
Rowena


Corwith, Vermont
29 Septemba 1974

Dada Hester,

Wiki mbili, na sanduku la posta lina buibui tu. Natumaini ni mavuno. Natumaini Baba na wewe ni wazima, na baridi ya usiku haijagusa viazi vilivyobaki. Sisi tu wazima, ila nimeaibika mbele ya chuo kizima, na lazima nikuambie kwanza hilo kabla ya lile lingine.

Jumatatu nilitaka kumfurahisha mume wangu. Nikazitoa buti zake za mlimani zilizokuwa nyuma ya jiko, nikazipaka mafuta mpaka zikang'aa, nikaziweka kwenye ngazi ya nje zipigwe na upepo. Basi! Msichana mmoja akapita akaziona. Buti za Mzee wa Kengele zimepakwa mafuta! Kabla ya chakula cha jioni mabweni yote yanajua kwamba kesho ndiyo siku. Hakuna aliyefungua kitabu. Walicheza dansi, walioka keki, mmoja alinyoa ndevu za miaka miwili.

Asubuhi kengele ikalia saa yake ya kawaida. Kumbe siku hiyo kulikuwa na mtihani wa Kigiriki. Profesa alisambaza karatasi, na mpaka anazikusanya hakuna aliyeandika zaidi ya jina. Orrin aliitwa kwa Mkuu wa chuo.

"Thayer, umeanza kutoa ishara?"

"Hapana, bwana. Nimeoa."

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Lakini sasa nikipita uani wanafunzi wananipigia kelele, "Shemeji, leo umepaka nini mafuta?"

Hiyo ndiyo aibu. Sasa hili lingine.

Bi Thirza Pell, mlezi wa bweni la wasichana, alikuja kunicheka nyumbani, kwa upole na kwa kahawa. Ni mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, yuko hapa tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Akasimama mbele ya picha yetu ya harusi ukutani. Akakuelekezea kidole wewe, siyo mimi. "Huyu ni Hester Bragdon."

Nikasema ni dada yangu.

Akaketi. Akaniambia, Dada. Kwamba ulikuwa mwaka wa kwanza, Oktoba ya 1958, chumba cha pembeni ghorofa ya pili. Kwamba kengele ya Siku ililia alfajiri, wote wakakimbilia njiani wakiimba, nawe ulikuwa umefika kwenye jengo la muziki ukiwa umefunga viatu tayari, ndipo yeye akaja nyuma yako akikuita, kwa sababu simu ilikuwa imelia kutoka nyumbani. Kuhusu Mama. Anasema wenzako wote walikuwa wanapanda, na wewe ukashuka peke yako kwenda kituo cha basi. Alikufungia donati. Hakukuona tena.

Siku aliyofariki Mama naikumbuka kidogo sana. Nakumbuka uliingia umevaa sweta ya kijani. Na sasa kila siku naziona sweta hizo hapa, Dada, wanazivaa wote wa mwaka wa kwanza, na kichwa changu kilikuwa wapi? Ile ile ambayo ulimvika sanamu wa kufukuza ndege kwenye bustani ya mahindi! Utoto wangu wote sanamu wetu alikuwa mwanafunzi wa Corwith!

Nilicheka, kisha nikalia, Orrin akapanda ngazi na randa mkononi akidhani nimejikata.

Nimekuwa nikikupigia kelele njoo, njoo, nikikusifia kengele ile ile. Nisamehe. Niandikie, hata neno moja.

Rowena


Washburn, Maine
6 Oktoba 1974

Rowena,

Sisi wazima. Baridi ilikuja usiku mbili lakini haikuingia ardhini. Baba anauliza kama ni kweli mtu anaweza kufeli Kigiriki kwa sababu ya buti. Amemsimulia Tibbetts, Tibbetts haamini, sasa hawasemezani.

Sikuandika kwa sababu ya viazi. Hiyo ni nusu ya kweli, na nusu inakutosha.

Bi Pell anasema sana, lakini hasemi uongo. Sasa umejua, na paa la nyumba bado liko juu. Nisikilize vizuri maana sitarudia. Hukuninyang'anya kitu. Ulikuwa na miaka mitano, na ulikuwa hukubali kulala bila kushika kiatu cha Mama. Baba alikuwa amekaa ghalani hataki kuingia ndani. Hakukuwa na la kuchagua, na mtu ambaye hakuchagua hana la kujutia. Nilifanya kazi iliyokuwa mbele yangu, nawe ulikua vizuri, ukiacha mapazia. Sikukwambia kwa sababu ungeanza kunishukuru, na shukrani huniwasha kama sufu shingoni.

Kwa hiyo usinilie. Na kuja siji. Tumebakiza mashamba mawili, na hata tungemaliza, mimi si mwanafunzi wa huko wala sina mtu huko zaidi yako, na wewe naweza kukuona Krismasi. Panda na mumeo, ufurahi. Ndilo ninalotaka.

Jioni ya kuamkia siku ile tulikaa kwenye ngazi za bweni, sisi wa mwaka wa kwanza, tukibahatisha kuna nini kule juu. Mimi nilisema mnara. Mwenzangu wa chumbani alisema kaburi la farasi. Wa mwaka wa nne walipita wakacheka kwa namna iliyotuonyesha kwamba hatujakaribia hata kidogo.

Siandiki haya ili unijibu.

Shemeji asikuache upande na viatu vyepesi.

Hester


Corwith, Vermont
11 Oktoba 1974

Dada yangu,

Nimechoka, usishangae mwandiko. Sisi wazima, natumaini nanyi pia, na Baba amesemezana na Bwana Tibbetts. Kengele ililia jana.

Sikujua lolote! Orrin alikula supu yake juzi jioni, akalalamikia chumvi, akalala. Alfajiri nilinyoosha mkono nikakuta ubaridi upande wake, na hapo hapo mnara ukaanza. Siyo ule mlio wa kila siku, Dada. Ni kama mtu anayebisha hodi ana habari njema na amechoka kungoja mlango. Wanafunzi walimwagika uani na nguo za kulalia, wanakumbatiana, mmoja ana mswaki mdomoni. Orrin alishuka mnarani, mashavu yamekuwa mekundu, akaniambia, "Haya, mke wangu, twende ukaone."

Dada, ningekuandikia kurasa kumi kuhusu ule mlima. Majani mekundu mpaka unahisi joto. Mfalme mwenye ndevu alipanda akiwa na taji. Profesa wa Kigiriki alinipa donati na kusema, "Kwa heshima ya buti." Bi Pell alikuwa anasukumwa kwa nyuma na wasichana wanne, anawaambia yeye si piano. Na Orrin alinishika mkono tangu jengo la muziki. Pale pana utelezi kweli.

Karibu na kilele miti inakwisha, pana mwamba mpana, halafu njia inakata kona moja ya mwisho. Nikasikia walio mbele wamefika. Kwanza kimya. Halafu kicheko kikubwa. Nikainua mguu, na nikakuona wewe umekaa kwenye ngazi za bweni unasema mnara.

Nikakaa chini kwenye mwamba.

"Umeumia?" Orrin akauliza.

"Sijaumia. Siendi."

"Rowena, zimebaki hatua chache tu!"

"Nikikiona, sitaweza kumwambia. Ndiyo desturi yenu. Nitakuwa nimempita dada yangu kwenye kona hii na kumwacha hapa."

Nilimwona amevunjika moyo, na moyo wangu nao ukauma, maana ni mpole hata akivunjika. Mwisho akasema, "Tangu Juni nangojea kuuona uso wako pale juu." Nikamwambia uso wangu hauendi popote. Akatazama kule kona, akanitazama mimi. Kisha, Dada, mume wangu ambaye hajakosa kufika juu tangu ana miaka kumi na tisa, akakaa kwenye mwamba kando yangu, akafungua sharubati.

Unaweza kuwaza walivyotutania. Chuo kizima kilitupita, wakipanda na wakishuka.

"Jamani, Mzee wa Kengele ameishiwa pumzi!"

"Mwacheni, ameoa!"

"Bibi harusi, kubebwa ni haki yako, dai!"

Tulikaa mpaka jua likaanza kushuka, na nadhani ndiyo saa tamu kuliko zote tangu tuoane, tuko karibu na kitu kikubwa na tumekiacha kitungoje.

Lakini sikiliza. Niliwatazama waliokuwa wanashuka. Kila mmoja, mpaka Mkuu wa chuo, mpaka Bi Pell, mkono mmoja wa nguo ulikuwa umelowa hadi kiwiko. Mmoja tu. Na wote walikuwa wanatabasamu peke yao kama watu waliopewa siri na mtu tofauti. Nikamgeukia Orrin. Akawa anatazama mawingu.

Sikuulizi kama utakuja. Nimekwambia nilichokiona, basi.

Mdogo wako,
Rowena


Washburn, Maine
16 Oktoba 1974

Rowena, mjinga wewe,

Sisi wazima. Viazi vimeisha jana, vyote viko ghalani, na mgongo wangu uko huko huko navyo.

Sikukulea miaka yote ile ili ukae kwenye mwamba. Nilikulea ili upande. Nilipoisoma barua yako nilikasirika nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Umemnyima shemeji raha aliyoingojea, umejinyima mwenyewe, na kwa ajili ya nani? Mtu ambaye hakukuomba. Nikamsomea Baba ili naye akasirike. Akasikiliza mpaka mwisho amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mkono upi uliolowa?"

Hukuandika! Umeandika taji la mfalme, umeandika donati, umeandika mpaka mswaki wa mtu, na hukuandika kama ni mkono wa kulia au wa kushoto. Na mlima ule hauna mto. Naujua, niliutazama kupitia dirisha la chumba cha pembeni mwezi mzima. Maji yanatoka wapi? Na kwa nini kiwiko? Mtu anayekunywa maji halowi mpaka kiwiko. Anayelowa hivyo anatafuta kitu chini. Baba anasema ni samaki. Tibbetts, ambaye amerudi kusemezana naye ili apate kubisha, anasema ni pango na matone. Jana usiku tulikaa mezani sote watatu tunabishana, na nilikumbuka kwamba katika nyumba hii ile siku ya kengele haijawahi kutajwa hata mara moja, na sasa wazee wawili wanapigania kilele cha mlima ule kwa vijiko.

Baba aliposimama kwenda kulala aliweka mkono kichwani pangu. Hajafanya hivyo tangu nikiwa na miaka yako. Akasema, "Nenda kaone, Hester. Kisha rudi utuambie." Nikamwambia desturi hairuhusu. Akasema, "Basi nenda, urudi utunyime."

Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Tibbetts atalala hapa na Baba, wagombane kwa usalama. Mama Tibbetts ataleta mikate. Mimi nitapanda basi. Sitaki kengele, mwambie shemeji asiiguse kamba kwa ajili yangu. Sitaki Bi Pell alie, ingawa nitaenda kumwona nimshukuru kwa donati, maana nilizila zote kwenye basi na sikupata kumwambia. Tuchague siku ya kawaida, wenye madarasa wawe madarasani, twende sisi watatu na viatu vya maana. Tukifika kwenye mwamba wako, shemeji ashike mkono wako na wewe ushike wangu, na atakayefumba macho ni shauri yake. Mimi nitayafumbua.

Mpaka hapo, usimdodose Orrin, usimwulize mwanafunzi yeyote, usipite karibu na jengo la muziki, na ukiota kitu kuhusu mlima usiniandikie. Nimebahatisha vibaya kwa miaka mingi na ninataka kuendelea kubahatisha vibaya siku chache zilizobaki.

Tandika kitanda cha pili chini ya hayo mapazia yako. Nakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Dada yako,
Hester